Wakala wa Usajili wa Asasi: Cheti Tumepata, Mengine Hatukuambiwa

Kwa yeyote anayetafuta mtu wa kumsaidia kusajili asasi, naandika kuhusu ofisi moja ya ushauri mjini Morogoro ambayo sitaitaja jina, kwa sababu ofisi za namna hii zimejaa katika miji yetu na karibu zote zinauza kitu kile kile. Sisi ni wanawake kumi na mmoja na wanaume wawili tunaowasaidia wajane kufuatilia mirathi katika mahakama za mwanzo: tunawaandikia barua, tunawasindikiza, tunawaeleza jinsi muhtasari wa kikao cha ukoo unavyopaswa kuandikwa. Tulimlipa wakala shilingi 450,000, mbali na ada za serikali ambazo tulizilipa wenyewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Cheti tulikipata, na kwa kigezo hicho peke yake huduma ilikuwa nzuri.

Nianze na sifa, maana anazistahili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inamtaka mwombaji awasilishe katiba, muhtasari wa kikao wenye majina kamili na saini za waanzilishi, taarifa binafsi za viongozi na anwani ya ofisi, na wakala huyu anaijua orodha hiyo kama mpishi anavyojua chumvi. Aliona mara moja kwamba mwanachama wetu mmoja mzee alikuwa ametia saini kwenye wasifu wake lakini kwenye muhtasari akaweka dole gumba. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kidau cha wino, akamwambia kwa upole, "Bibi, tuchague moja." Jambo hilo lilichukua dakika tano, na pengine lilituokolea safari kadhaa.

Kasoro ya kwanza ilikuwa katiba aliyotuletea. Ilikuwa imenakiliwa kutoka kwa asasi nyingine, na kifungu cha madhumuni kilisema kwamba tutahamasisha ufugaji wa nyuki katika vijiji vinavyozunguka misitu. Tulicheka, lakini si jambo la kuchekesha hata kidogo. Asasi inayofanya kazi nje ya katiba yake inampa mdhibiti sababu ya kuifutia usajili, kwa hiyo mtu anayekuuzia katiba yenye nyuki wakati kazi yako ni mirathi anakuwekea mtego ambao siku moja utafyatuka bila yeye kuwapo.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonisukuma kuandika. Rasimu yetu wenyewe, iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari, ilitaja "utetezi wa haki za wajane". Wakala alichukua kalamu nyekundu, akakata neno "utetezi", akakata "haki", akaandika juu yake "elimu na ustawi wa wajane". Mwenyekiti wetu alipouliza kwa nini, alijibiwa, "Mama, neno hili litawachelewesha bure." Hakuna kifungu cha sheria alichokionyesha, na nijuavyo mimi hakipo kinachokataza neno hilo. Ibara ya 20 ya Katiba ya nchi inampa kila mtu uhuru wa kukusanyika na kushirikiana na wenzake, na wa kuanzisha vyama kwa ajili ya maslahi yao. Alichokuwa akituuzia kama utaalamu ni woga uliokwisha kufungashwa, nasi tulikuwa tumekwisha kuulipia.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba woga wake umetoka hewani. Bibi yule wa dole gumba alikumbuka mara moja habari ya BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania, lililosajiliwa mwaka 1995 na kufutwa mwaka 1997 kwa madai kwamba linaendesha siasa. Baraza lilikwenda Mahakama Kuu na likashinda, lakini hukumu ilitoka mwaka 2009, na baada ya miaka kumi na miwili ushindi hauwezi kuwarudisha wanachama waliokwisha tawanyika. Tangu wakati huo mamlaka ya kusimamia asasi yamepanuka. Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3) ya mwaka 2019, yaliyopitishwa bungeni kwa hati ya dharura, yalimpa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali uwezo wa kusimamisha shughuli za asasi wakati suala lake likisubiri uamuzi wa Bodi inayoratibu mashirika hayo, na yakakipa cheti cha usajili uhai wa miaka kumi tu. Yalizitaka pia asasi zilizokuwa zimesajiliwa kama kampuni zisizogawana faida zihamie kwenye ile sheria ya mwaka 2002, na muda zilizopewa ulikuwa miezi miwili. Mtu anayeishi kwa kujaza fomu za sheria kama hiyo hujifunza kukata maneno kabla hajaambiwa na mtu yeyote.

Kasoro ya tatu ni ukimya wake kuhusu kinachofuata baada ya cheti. Hakutueleza kwamba kila mwaka tutatakiwa kupeleka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi wa hesabu hafanyi kazi kwa asante. Hakutaja Kanuni za mwaka 2018 za sheria ya mashirika, ambazo kwa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ziliagiza mkataba na mfadhili upelekwe serikalini ndani ya siku 10, na fedha hizo zitangazwe kwa umma ndani ya siku 14. Wala hakutuambia kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ina usajili wake wa peke yake kwa wanaotoa huduma kama yetu. Hilo tulilisikia kwa karani mmoja mahakamani, tukiwa kwenye foleni.

Alichokumbuka kutaja, tena mara tatu, ni adhabu: kuendesha asasi bila usajili ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nimekuwa nikiutazama ule ukaribu wa faini hiyo na bei yake. Wala hakutudokeza kwamba vikundi vya kijamii havimo katika tafsiri ya shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002, na kwamba kikundi kidogo kinaweza kuanza kwa kujiandikisha katika halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Huenda tungechagua njia hiyo kwa miaka miwili ya kwanza, fedha yetu ikaenda kwenye nauli za wajane.

Neno "utetezi" tulilirudisha wenyewe usiku ule, kwenye kompyuta ya mtoto wa mwenyekiti, pamoja na kuwaondoa nyuki. Katiba ilipokelewa ikiwa hivyo hivyo.

Kwa ofisi hii natoa nyota tatu kati ya tano. Ukienda, nenda na katiba yako uliyoiandika mwenyewe, lipia ukaguzi wa viambatisho tu, dai risiti, na akitoa kalamu nyekundu mwombe kwanza namba ya kifungu.