Mshtuko wa moyo baada ya upasuaji: mshipa umeziba au damu haitoshi?

Mtu amefanyiwa upasuaji wa nyonga Kampala, moyo wake haukuguswa, kisha siku ya pili unapata mshtuko. Kuna njia kuu mbili.

Ya kwanza ndiyo wengi tunayoijua: utando wa mafuta ndani ya mshipa wa moyo unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Upasuaji huchangia, kwa sababu mwili uliojeruhiwa hugandisha damu upesi zaidi.

Ya pili haina bonge la damu. Moyo unadai oksijeni nyingi kuliko inayoufikia. Damu imemwagika, presha imeshuka mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, maumivu yanaukimbiza moyo. Na kama mgonjwa aliingia chumba cha upasuaji tayari ana upungufu wa damu, jambo la kawaida Uganda, akiba yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Kwangu hii ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana hujificha.

Zote mbili huja mara nyingi ndani ya siku 3 za kwanza, tena bila maumivu ya kifua, kwani dawa za maumivu zimeyafunika. Kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja kutoka misuli ya moyo, huonyesha moyo umeumia, lakini peke yake hakisemi ni kwa njia ipi.

Tiba ndipo zinapoachana. Bonge hutaka aspirini na dawa za kuzuia kuganda, kwa hadhari, kidonda bado kibichi. Upungufu wa oksijeni hutaka chanzo kishughulikiwe: damu, maji ya mshipani, presha.