Operation Ivy: tisheti ya Kibuye, nyimbo 27 na besi ya anko

Kabla ya albamu yenyewe, nianze na tisheti juu mambo yote yalianzia hapo. 2009, Jumapili, soko la Kibuye hapa Kisumu, nimeinama kwa mitumba natafuta kitu ya kuvaa, nikavuta tisheti nyeusi imechorwa jamaa wa kofia na suti, mguu juu, mikono imekunjwa kama mtu ametoka mbio, na imeandikwa OPERATION IVY. Mama aliyekuwa anauza akaniambia chukua hiyo kijana wangu, huyo ni hoka anakimbia askari wa kanjo, si unaona wameandika operesheni. Nilicheka, nikatoa mia na hamsini, nikaenda nayo. Miezi karibu mitatu nikaivaa bila kujua ni ya nini, na kila mtu Manyatta alikuwa na maelezo yake, kuna hata mzee aliyeniuliza kwa heshima kabisa kama nimeandikwa polisi.

Siku moja niko saiba, nimelipia nusu saa, nikaandika hilo jina. Kitu ya kwanza kutokea ni bomu. Operation Ivy yalikuwa majaribio ya nyuklia ya Marekani, 1952, huko visiwa vya Marshall, ndipo walilipua bomu lao la kwanza la haidrojeni. Nikaangalia kifua changu, nikakumbuka hiyo tisheti nimeshaivaa kanisani chini ya koti. Ndio nikateremka kidogo nikapata bendi iliyochukua jina hapo: vijana wanne wa Berkeley, California, wameanza Mei 1987 na kufika Mei 1989 wamevunjika. Miaka miwili, albamu moja, basi. Jesse Michaels anaimba, Tim Armstrong gita (siku hizo akijiita Lint), Matt Freeman besi, Dave Mello drams. Na yule jamaa wa kofia hakimbii kanjo, anacheza ska, na Jesse mwenyewe ndiye alimchora.

Sasa ska. Sisi Kisumu tunajiona tunajua reggae, mtu amelelewa nayo kwa matatu tangu nasari, lakini uliza ska ni nini uone watu wakiangaliana. Ska ndiyo babu. Ilitoka Jamaika mwisho wa miaka ya hamsini, gita inagonga pale katikati ya mapigo, ka, ka, ka, haraka haraka, alafu karibu 1966 wakaipunguza mwendo ikawa rocksteady, na ikifika 1968 hivi ndio reggae yenyewe inazaliwa. 1979 vijana wa Coventry kule Uingereza, The Specials, weusi na wazungu kwa bendi moja, wakaifufua. Hawa wa Berkeley wakaichukua wakaichanganya na punk, ile roki ya mbio na kelele, kwa hivyo unasikia ka, ka, ka ya reggae unayoijua, unaanza kutikisa kichwa polepole, alafu kiitikio kinakuja kama mtu amepiga mlango teke.

Mara ya kwanza nilisikiliza kwa sidii niliyochomewa na jamaa wa duka fulani, nyimbo zingine zimekatwa katikati na moja imerudiwa mara tatu, na bado ilinibamba. Albamu inaitwa Energy, ilitoka 1989 kwa lebo ya Lookout. Hii ninayopigia debe hapa ni ile ya nyimbo 27, ambapo wameunganisha albamu yenyewe, ile rekodi yao ndogo ya kwanza ya 1988 na nyimbo mbili zingine, na 2007 lebo ya Hellcat wakaitoa upya. Binamu aliniletea sidii ya ukweli akija Krismasi kutoka majuu na sahii ninayo pia kwa simu. Nyimbo nyingi hazifiki hata dakika tatu. Kama wewe ni wa ska ya tarumbeta utashangaa, juu hawana, kuna saksafoni kwa wimbo mmoja tu, zingine zote ni gita, besi, drams na kijana anayepiga kelele.

Hiyo besi sasa. Anko wangu alipiga besi kwa bendi ya benga miaka ya themanini, huko Bondo, harusi na disko matanga. Mtu wa benga hana mchezo na besi, kwao besi haikai nyuma kuweka mapigo tu, inatembea na kujibu gita. Nilimwekea hiyo sidii sebuleni bila kumwambia ni nini. Ngoma ya kwanza akakunja uso akasema hii reggae imefukuzwa na mbwa. Ya pili akanyamaza. Mahali Freeman anaachiwa nafasi peke yake, anko akainua kidole, rudisha hapo. Nikarudisha. Rudisha tena. Vidole vyake vimeshaanza kutembea kwa paja. Akasema huyu kijana kwetu angefukuzwa wiki ya kwanza, anafunika gita, na hapo hapo akaniambia rudisha tena.

Alafu akauliza hii bendi iko wapi siku hizi. Nikamwambia ilivunjika zamani anko. Akauliza, vyombo viliuzwa? Juu kwa bendi yake ndivyo ilivyokuwa, mwenye baa ndiye alikuwa mwenye vyombo, siku moja akaviuza na bendi ikaishia hapo, hakuna hata kanda moja walirekodi, nauli ya kwenda Nairobi ilikuwa inatafutwa kila mwaka. Nikamwambia hapana, hawa walivunjika juu watu walizidi kujaa. Akanifanya nirudie. Ati bendi inavunjika juu watu wamejaa? Omera, sisi tulikuwa tunapigia watu wanane na mbwa wa mwenye baa.

Nilijaribu kumweleza. Kulikuwa na ukumbi mdogo Berkeley, 924 Gilman Street, unaendeshwa na vijana wa kujitolea, pombe hakuna, mtoto na mkubwa wote wanaingia, mambo ya ubaguzi na kupigana hayaruhusiwi. Hapo ndio nyumbani kwao. Sasa jina likakua haraka kuliko hao vijana wenyewe, na Jesse hakupenda mambo yalivyokuwa yanapanda. Shoo ya mwisho pale Gilman ilikuwa 28 Mei 1989, na walioitangulia jukwaani walikuwa vijana ambao ndio tu wamebadilisha jina kuwa Green Day, hao waliokuja kujulikana dunia nzima. Kesho yake wakapigia marafiki nyuma ya nyumba ya mtu na ikaisha. Tim na Matt wakaanzisha Rancid 1991, hao ndio wengi wanawajua, na kwa albamu yao ya 1995 kuna wimbo unaosimulia vile hii bendi ya kwanza ilikufa. Jesse baadaye akawa na bendi ya Common Rider, tulivu zaidi, sio mbaya. Anko akasikiliza yote akasema, kwa hivyo wa besi bado anapiga. Nikasema anapiga. Akasema basi wewe unalilia nini.

Maneno sasa. Wanaimba sana mambo ya umoja na kuacha kupigana, na mimi kusema ukweli kwa hilo neno niko mgumu, 2008 kwa zile fujo za uchaguzi tuliona moto hapa Kondele na baada ya hapo umoja ukabandikwa kila ukuta na watu walewale. Lakini Jesse haimbi kama mtu wa mabango. Sauti imekauka, anakimbizana na drams, maneno mengine hata husikii mpaka usome kwa karatasi ya sidii, na unaona tu huyu kijana mwenyewe hana uhakika kama kuna mtu atamsikia. Hapo ndio alinishika.

Ubaya uko. Nyimbo 27 mfululizo zinachosha, mimi huachia ya 19 juu albamu yenyewe inaishia hapo, zingine naweka siku nyingine. Hizo za 1988 sauti yake ni kama wamerekodia ndani ya debe. Gita imekuwa nyembamba karibu kote, kwa spika ndogo ya simu inakuumiza sikio, tafuta spika yenye besi ama hutaelewa nimeandika nini hapa. Na usiweke ukiwa na mgeni wa reggae ya taratibu, jirani yangu alinivumilia ngoma nne akaomba tafadhali tusikilize habari. Nyota nne kwa tano, ya tano nimewakata kwa kuacha albamu moja tu.

Tisheti haiko kwangu tena. Anko aliiomba siku ileile, ati anataka ya kuvaa nyumbani, na sikuweza kumnyima. Nilienda Bondo Agosti nikampata shambani ameivaa, maandishi yamefutika yote, jamaa amebaki kofia na mguu mmoja. Akaniuliza kama nimekuja na ile sidii.