Bevacizumab au sunitinib: kuukatia uvimbe damu

Uvimbe wa saratani ukitaka kukua hutoa protini ya VEGF, inayochochea mishipa mipya ya damu. Dawa ya bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, huinasa protini hiyo ikiwa bado nje ya seli. Sunitinib, ya 2006, huziba kipokezi, sehemu ya seli inayopokea VEGF, ili ujumbe usipite ndani.

Ya kwanza ni dripu, kila wiki 2 au 3. Ya pili ni kapsuli. Kwa saratani ya figo humezwa wiki 4, kisha mapumziko ya wiki 2. Kumezea nyumbani kunavutia, ila ngozi huweza kugeuka manjano, nywele zikapauka, nyayo zikawaka moto. Presha? Zote huipandisha. Kinachoudhi: kupima VEGF kwenye damu bado hakutoshi kutabiri nani atafaidika.