Jelatini au jeli ya sintetiki: upimie risasi kwa ipi?

Jelatini ya asilia, itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, ndiyo kipimo cha zamani cha kuona risasi inavyopenya mwilini, kwani hufanana na nyama. Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, aliupa umaarufu mchanganyiko wenye jelatini asilimia 10, uliopozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Kabla ya jaribio, hufyatuliwa gololi ya chuma ya milimita 4.5 kwa kasi ya takriban mita 180 kwa sekunde. Ikizama sentimita 8.5 hivi, tofali hilo la jelatini linafaa. Kuliandaa ni kazi ya siku kadhaa, linahitaji friji, na likikaa huoza.

Jeli ya sintetiki ni mafuta ya madini na polima. Haiozi, haihitaji friji, nayo ni angavu kama kioo: unaona njia yote ya risasi. Ukimaliza, unang'oa vipande vya risasi, unaiyeyusha kwa moto wa taratibu (mafuta hayo huwaka, usiyaache peke yake) na kuimimina upya.

Ila haina maji, na maji ndiyo hutanua risasi yenye tundu nchani. Kwa hiyo usilinganishe kina chake moja kwa moja na kipimo cha FBI (shirika la upelelezi la Marekani) cha inchi 12 hadi 18, kilichowekwa kwa jelatini.

Mimi ningechukua ya sintetiki, nilinganishe risasi kwa risasi ndani ya jeli ileile. Kufyatua ni kwenye uwanja halali wa shabaha, penye tuta imara nyuma.