Chumvi ya bahari: miguuni sawa, kidevuni sirudii

Mimi ni kinyozi, saluni yangu iko Magomeni hapa Bagamoyo, na kazi yetu ni ya kusimama. Tangu asubuhi mpaka saa tatu usiku niko na ndala zangu, mchanga unaingia kila mlango ukifunguliwa. Kwa hiyo magaga ninayo ya siku nyingi, yale ya kunasa kwenye shuka ukijigeuza usiku. Nimepaka mafuta ya mgando, nimesugua na jiwe, nimevaa soksi zilizolowa mafuta mpaka mke wangu akahamia upande wa pili wa kitanda.

Mwezi wa saba mteja wangu mmoja akanisifia skrabu ya chumvi ya bahari. Nikanunua kopo moja duka la vipodozi, gramu 400, shilingi 15,000. Kopo zuri, kifuniko kinabana, lebo imejaa maneno pande zote. Chumvi asili ya bahari. Madini 84. Inaondoa sumu mwilini, chunusi, mba, pumu ya ngozi, vipele vya ndevu, inang'arisha, inashusha presha. Nikasema moyoni, hii ikitibu nusu tu ya yaliyoandikwa, nafunga saluni nafungua zahanati.

Ndani ni punje za chumvi zilizolowa mafuta, zinanukia mchaichai. Ukizifikicha vidoleni ni kama mchanga wa pwani ulio mkavu, wenye makali kidogo.

Nilianza na miguu, na hapa sina la kulalamika. Usiku nikifunga saluni naloweka miguu kwenye besini la maji ya uvuguvugu robo saa, mpaka lile gamba la kisigino linageuka jeupe na kulegea. Nachota skrabu kijiko kimoja kwa kila mguu, nasugua kwa mzunguko, taratibu, zaidi pale pembeni ya kisigino ambako nyufa huanzia. Raha ya chumvi ni kwamba punje inayeyuka. Unaanza na kitu chenye makali, dakika mbili baadaye kimekuwa laini, dakika ya tatu hakipo. Jiwe halina huruma hiyo, ukinogewa linakuchubua mpaka kwenye nyama. Nasuuza, nafuta nusu nusu, na ngozi ikiwa bado na unyevu napaka mafuta ya nazi. Mara mbili kwa wiki. Wiki ya tatu shuka lilikuwa halinasi tena. Wiki ya sita nilivaa kobazi kwenye harusi bila kuficha miguu chini ya kiti.

Sasa kidevu.

Mnajua vipele vya ndevu. Wateja wangu wengi wanavyo, na mimi mwenyewe ninavyo chini ya taya. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata karibu sana na ngozi, ncha inabaki kali kama ya mkuki, inajikunja na kurudi ndani, ngozi inavimba. Lebo inasema chumvi inaondoa. Jumamosi moja saluni imejaa, nimemaliza kujinyoa kwa wembe, nikaona hapa ndipo pa kujaribu. Nikachota, nikapaka, nikasugua.

Nilipiga ukelele wateja wakageuka wote. Mmoja akauliza kama nimeshika waya.

Maji baridi hayakusaidia mara moja kwa sababu mafuta yalikuwa yameishikilia chumvi pale pale. Jioni kidevu kimevimba, na kilichonisumbua zaidi kikaja baadaye: pale nilipochubuka pakabaki madoa meusi. Ngozi nyeusi ndivyo ilivyo, ukiichokoza inajibu kwa weusi, na weusi huo hauondoki kwa wiki moja. Yangu yalichukua miezi miwili na ushee kufifia, na bado kuna moja ukiangalia kwenye mwanga. Kinyozi mwenye madoa ya kunyolewa ni tangazo baya sana.

Mama yangu aliponiona alicheka kwanza, akauliza baadaye. Yeye zamani alikuwa akisinga mabiharusi, anajua liwa, anajua singo na vipimo vyake. Akaniambia, "Uso haupigwi msasa, mwanangu. Uso unasingwa." Yaani unga uliotwangwa ukachekechwa mpaka ukawa laini, ukachanganywa na marashi, unapakwa, unaanza kukauka, unafikichwa kwa kiganja. Hakuna punje yenye kona. Tangu siku hiyo mteja akiniomba skrabu ya chumvi usoni baada ya kunyoa, namwambia hapa hatufanyi, aende kwa mwingine akalie huko.

Iliyonifungua macho zaidi ni safari ya Nunge. Nina mteja, mzee wa makamo, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule kaskazini ya mji. Huja kila wiki mbili, ananyoa kipara. Siku hiyo akaliona kopo, akalinusa, akauliza bei. Nilipomtajia alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kinyozi, njoo kwetu na mfuko."

Nikaenda mwezi wa tisa, jua la kiangazi, chumvi ikivunwa. Kama hujawahi kufika, ni majaruba mapana ya maji yasiyo na kina, yamepangwa moja baada ya jingine. Maji ya bahari huingizwa siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa sana. Lita moja ya maji hayo ina kama gramu 35 za chumvi, iliyobaki yote ni kazi ya jua na upepo. Jaruba la kwanza maji yanapungua, la pili yanazidi kukolea, la mwisho utaona ukoko mweupe unaanza juu kama utandu wa maziwa, halafu unazama. Wanaukwangua kwa reki, wanaukusanya malundo, maji yanachuruzika. Mng'ao wake macho yanauma. Mzee alikuwa amevaa kofia pana na bado anakunja uso.

Nikamuuliza habari ya madini 84. Akacheka. Akanionesha maji yaliyobaki jarubani baada ya chumvi kuvunwa, yana rangi kama ya uji mwepesi, akaniambia nionje. Machungu! Si chumvi tena ile, ni uchungu wa dawa. Ndiyo yenye magnesi (madini ya magnesiamu) nyingi, na maji hayo ndiyo wanayamwaga, kwa sababu yakibaki kwenye chumvi inakuwa chungu na inalia maji kwenye gunia. Kinachovunwa kikapakiwa karibu chote ni chumvi ile ile ya jikoni, madini mengine ni kidogo sana, ya kuhesabu kwa chembe. Wanaosifia chumvi kwa magnesi aghalabu wanaazima sifa za Bahari ya Chumvi, ile ya mpakani mwa Israeli na Yordani, ambayo maji yake yana chumvi karibu mara kumi ya bahari yetu na yamejaa magnesi kweli. Kuna utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2005 uliowalowekesha mikono watu wenye ngozi kavu ya pumu kwenye maji ya chumvi hiyo, ngozi ikapata nafuu. Sawa. Lakini hiyo si chumvi ya Nunge, wala hawakusuguliwa na punje, walilowekwa tu.

Halafu nikaangalia miguu ya mzee. Amefanya kazi ndani ya maji yale miaka na miaka. Kama chumvi inalainisha ngozi, yeye angekuwa na nyayo za mtoto mchanga. Nyufa zake zinaingia sarafu. Vidole vimekauka, kucha zimekuwa nyeupe. Na kwa nini isiwe hivyo? Chumvi inavuta maji, hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo maana samaki akipakwa chumvi na kuanikwa anakuwa ng'onda. Ukiloweka miguu yako saa nzima kwenye maji ya chumvi kali ukaenda kulala bila mafuta, unajitengenezea ng'onda mwenyewe.

Hapo nikaelewa kopo langu lilifanya nini. Punje iliondoa gamba, basi. Ulaini uliletwa na mafuta ya nazi niliyopaka baadaye.

Nilirudi na kilo tano kwa shilingi 2,500. Naitwanga kwenye kinu kidogo cha mke wangu (nilinunua changu baada ya mazungumzo), naichekecha kwa chujio la chai, inayopita naiacha kwa matumizi mengine na inayobaki juu, ile ya ukubwa wa ufuta, ndiyo naitumia. Vikombe viwili vya chumvi kwa kimoja cha mafuta ya nazi. Harufu ya mchaichai sina, lakini miguuni haina tofauti na ya kopo, nimejaribu mguu wa kulia kwa hii na wa kushoto kwa ile wiki nne nzima. Nachanganya kidogo kidogo kwa sababu mafuta ya nazi yakikaa yanachacha. Na nachota kwa kijiko kikavu, sitii mkono, maana kopo la saluni likiingiwa mikono ya kila mtu linaweza kugawa fangasi.

Wateja nawafanyia miguu tu, shilingi 3,000. Wawili nimewakatalia. Mmoja ana kisukari, na mtu wa kisukari miguu yake inaweza kufa ganzi. Unaweza kumchubua asijue, kidonda kikaja kuwa kesi ya hospitali. Mwingine ana pumu ya ngozi iliyopasuka mpaka inatoa majimaji, alikuwa ameaminishwa na lebo kama yangu. Chumvi juu ya nyufa zile ni mateso, nikamwambia aende kwanza akaonwe na daktari.

Jambo la presha limenikera kuliko kidevu changu. Mama yangu ana presha, anatumia dawa. Aliponisikia nazungumza chumvi asili, akaniambia kwamba muuzaji mmoja alishamwambia hii haina madhara, eti inashusha, ale bila hofu. Alikuwa ameanza kuitia kwenye mchuzi bila kipimo. Mama, chumvi ni chumvi! Sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya jarubani ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pakiti ya dukani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko cha chai kisichojaa, na hapo umeshahesabu iliyomo kwenye mkate, dagaa na mihogo ya kukaanga. Na kuna la pili. Chumvi ya pakiti hutiwa madini joto kwa sheria ili watu wasipate rovu na watoto wasizaliwe na akili iliyodumaa. Hii niliyobeba kwenye mfuko kutoka jarubani haijatiwa. Kwa hiyo nyumbani kwangu ya pakiti ni ya kupikia, ya mfuko ni ya miguu, nimeandika kabisa kwenye ndoo kwa kalamu nyekundu.

Kwa koo inafaa. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema. Haitibu mafua ila kuwasha kunapungua, na hilo hata bibi yangu alilijua, hakuhitaji kopo la elfu kumi na tano. Mba nimejaribu kichwani mara moja, ilikausha tu nikawashwa zaidi. Chunusi sikujaribu, baada ya kidevu nilishapata jibu langu.

Hasara moja haikuandikwa popote kwenye lebo. Ndoo ya chumvi niliiweka rafu moja na mashine zangu za kunyolea, mfuniko haukukaa vizuri, na chumvi ghafi kwa ule unyevu wake wa pwani ililia mpaka rafu ikawa imelowa. Meno ya mashine mbili yakashika kutu. Seti moja ya meno shilingi 18,000. Ukipiga hesabu, ile chumvi ya bei poa ya Nunge imenigharimu kuliko kopo la dukani, na hilo mke wangu hunikumbusha kila nikisifia safari yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ununue: una magaga, huna kidonda wala kisukari, na hujui pa kupata chumvi ghafi ya jarubani, nunua, itakusaidia, ila usisahau mafuta baada ya kusuuza. Unaishi Bagamoyo? Chukua mfuko uende Nunge. Mimi langu limekwisha na sinunui jingine. Kopo lenyewe lakini sijalitupa, kile kifuniko kinabana kweli kweli. Nimewekea meno mapya ya mashine.