Kadi za zamani za hoteli za Zanzibar: zipi za kununua, zipi za kuacha

Kwenye maduka ya Barabara ya Kenyatta na Gizenga, Mji Mkongwe, kadi za posta zenye picha za hoteli, bandari na Forodhani hupangwa mlangoni, rangi ya kahawia, pembe zimelika, na mara nyingi muuzaji husema zote ni za zama za masultani. Nyingi ni nakala za juzi. Nakala haina ubaya wowote. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya kadi ya asili.

Nenda na lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Iweke juu ya sehemu ya kijivu, tuseme mbingu au ukuta wa chokaa. Ukiona vinukta vya rangi mbalimbali vimetawanyika ovyo kwenye picha inayoonekana nyeusi na nyeupe, hiyo imetoka kwenye printa ya wino. Iache, hata kama karatasi imechovywa chai ikawa ya kahawia. Vinukta vilivyopanga safu vina maana ya uchapaji wa mashine, ambao unaweza kuwa wa zamani au wa sasa, kwa hiyo usiamue bado. Picha iliyosafishwa studio haina nukta kabisa. Ikishakuwa na umri, iinamishe kwenye mwanga: penye weusi mzito, hasa kandokando, mara nyingi hutokea mng'ao wa buluu, kwa sababu fedha iliyomo kwenye karatasi imepanda juu kutokana na hewa na unyevu. Printa haiwezi kuuiga mng'ao huo. Muuzaji anayeufuta kwa kitambaa ili kadi ipendeze anaiharibu mali yake mwenyewe.

Kisha igeuze, maana mgongoni ndiko kwenye ushahidi mwingi. Zamani mgongo wote ulikuwa wa anwani tu, na salamu zikibanwa upande wa picha. Uingereza iliruhusu mgongo kugawanywa kwa mstari mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi isiyo na mstari huo, yenye jina la A. C. Gomes au Coutinho, wapiga picha wa Kigoa waliokuwa na studio hapa Unguja, ni ya kushikwa kwa mikono miwili. Stempu nayo inasema: thamani ikiwa kwa anna, yaani sehemu ndogo ya rupia, ni ya kabla ya 1908, ikiwa kwa shilingi, ni ya kuanzia 1936, rupia ilipoondoka. Ila angalia muhuri wa posta. Wino wake lazima uvuke ukingo wa stempu uingie kwenye kadi. Ukikatikia ukingoni, stempu hiyo imebandikwa baadaye.

Picha yenyewe pia husema tarehe. Mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani, picha ni ya kabla ya mabomu ya manowari za Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Kwa upande wa hoteli, jengo la Africa House pale Shangani lilikuwa klabu ya Waingereza, kwa hiyo kadi iliyoandikwa "English Club" na kuuzwa kama kadi ya hoteli imepewa jina lisilo lake. Vivyo hivyo hoteli ya Serena: jengo lake lilikuwa la kampuni ya telegrafu, na hoteli ilifunguliwa miaka ya 1990.

Ukitaka nakala tu ya kutundika ukutani, nunua nakala inayouzwa kama nakala. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ndiyo ya kuanzia. Picha iliyotolewa kwenye negativu hubaki kali hata kwenye maandishi ya mabango ya maduka. Ile iliyoskaniwa kutoka kwenye kadi nyingine ina ukungu, na ukiikuza inatoa mistari ya mawimbi.

Kwa pesa kidogo, kadi za rangi za Hoteli ya Bwawani za miaka ya 1970 ndizo bora kuliko zote. Watalii hawazitaki, wanatafuta majahazi, na ndiyo maana bado ni rahisi. Chagua zilizokaa ndani ya boksi. Zilizokaa kwenye dirisha la duka hupoteza njano na wekundu kwanza, ikabaki buluu tupu, na hakuna dawa. Picha za rangi za familia za miaka hiyo huharibika kinyume chake: hugeuka nyekundu hata zikiwa gizani.

Nyumbani adui ni unyevu wa masika. Usitie kadi lamineshoni, usibandike selotepu, usitumie albamu zile za kurasa zenye gundi. Vifuko vya plastiki laini yenye harufu kali vitagandana na picha. Tafuta vya polipropilini, vigumu kidogo na visivyo na harufu. Weka ndani ya boksi lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na ukuta wa nje, na ufungue kukagua kila mwezi mvua zikiwa zinanyesha. Ukishaona ukungu, anika kivulini penye upepo mpaka ukauke kabisa, ndipo uupanguse kwa brashi laini. Ukiupangusa ukiwa mbichi unaupaka kwenye picha nzima.

Pemba kuna tatizo la peke yake. Hoteli za serikali za Chake Chake, Wete na Mkoani zilijengwa kwa ramani moja, na picha isiyo na maandishi haikwambii ni ipi. Usinunue kwa neno la muuzaji; tafuta mlima, mtaa au kibao nyuma ya jengo. Na ukishapata jina kwa mtu anayepajua, liandike mgongoni, pembeni, kwa penseli ya 2B bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu hupenya hadi upande wa picha.