Folda zetu zilivyopata rangi

Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu ya matatu za Nairobi, yeye akiwa mtaa wa Umoja, mimi Kawangware, kazi ikipitia Git, mfumo unaotunza kila toleo la faili na kutuwezesha kushirikiana. Folda zilipozidi arobaini, zote kijivu, nilianza kupotea. Usiku mmoja nilifuta folda ya honi nikidhani ni ya majaribio. Git iliniokoa, lakini moyo ulinienda mbio.

Wakati huo tulikuwa tukitumia Unity, programu ya kutengenezea gemu, ambayo yenyewe haina njia ya kupaka folda rangi, kwa hiyo nikanunua plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Ilikuwa rahisi kusakinisha, na rangi zake zilipendeza sana. Kisha nikabadilisha jina la "Magari" kuwa "Matatu", rangi ikatoweka. Plagini ilikuwa inakumbuka jina na mahali pa folda tu, ilhali Unity huipa kila folda kitambulisho kwenye faili ya .meta, na ukibadilisha jina humo humo ndani ya Unity, kitambulisho hakiguswi. Mtengenezaji angefuata hicho, rangi isingepotea.

Kubwa zaidi, rangi zilihifadhiwa kwenye kompyuta yangu peke yake. Nikimpigia mwenzangu, "Fungua ile ya machungwa," ananijibu, "Ndugu yangu, huku zote ni kijivu."

Ukifanya kazi peke yako, plagini hiyo itakufaa. Mkiwa wawili au zaidi, uliza kwanza rangi zinahifadhiwa wapi kabla hujatoa pesa.

Baadaye tulihamia Godot, programu nyingine ya kutengenezea gemu, kwa sababu nyingine kabisa, nikakuta rangi zimo tayari, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2023. Unabofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua kati ya rangi tisa, na folda za ndani hurithi ya mama yao. Uzuri wake hasa ni kwamba chaguo lako huandikwa ndani ya project.godot, faili ya maandishi ya kawaida, kwa hiyo husafiri na Git. Jioni ile ile mwenzangu alinitumia picha ya skrini yake, folda zimepakwa vile vile kama zangu.

Akaniambia pia jambo ambalo sikulijua miaka yote hii: nyekundu na kijani yeye hazitofautishi. Na mimi nilikuwa nimepaka ramani kijani, sauti nyekundu! Nilizibadilisha tukiwa bado kwenye simu. Sasa ramani ni buluu, sauti ni njano, na kijivu tumeiachia folda ya majaribio peke yake.